Kidau Kilichozibwa

Katriji ya rangi ya printa ya wino ni kijisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye vyumba vitatu vilivyotenganishwa kwa kuta nyembamba. Kila chumba kimeshindiliwa sponji, na kila sponji imelowa rangi yake: sayani, majenta au njano. Wino wote uliomo, ukikusanywa pamoja, katika katriji ya kawaida ya nyumbani hauzidi vijiko viwili vya chai. Juu pamebandikwa lebo. Chini pana bamba dogo linalong'aa, lenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na ubavuni zimepangwa nukta za shaba zinazopokea amri za mashine. Kuijaza upya nyumbani ni kuurudisha wino kwenye sponji hizo kwa bomba la sindano, pasipo rangi moja kuvuka mpaka na kuingia kwa jirani. Maelekezo yake yanaweza kuandikwa nyuma ya bahasha. Kinachokawiza watu ni umbo la kifaa chenyewe, ambalo kila upande linamwambia mwenye nacho kwamba hiki ni kitu cha kuisha na kutupwa, kama betri ya tochi, wala si chombo.

Wino wa pwani ya Waswahili ulikaa kwenye kidau, na kidau kilikuwa wazi. Watunzi wa tenzi za kale walikuwa na desturi ya kuanza kwa kuagiza karatasi, kalamu na wino, na wino ulipokwisha ulitiwa mwingine, basi. Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliishi waandishi wa misahafu ambao kazi zao za karne ya 18 na ya 19 hujulikana kwa rangi chache: nyeusi kwa maandishi, nyekundu na manjano kwa mapambo. Katika mapokeo ya hati za Kiarabu kwa jumla, mwandishi aliweka ndani ya kidau kishungi cha nyuzi za hariri. Hariri ilishika wino usimwagike kidau kikiinama, tena iliizuia kalamu isichote kupita kiasi. Sponji ya katriji haina kazi nyingine zaidi ya hiyo. Inaunyonya wino na kuushikilia ili usidondoke wenyewe kwenye vitundu vya chini, na inauachia kidogo kidogo unapohitajika. Hata wino mweusi haukwenda mbali: ule wa zamani ulikuwa masizi yaliyochanganywa na gundi ya mgunga, na wino mweusi wa chembe unaotumiwa kwenye printa nyingi leo bado ni kaboni nyeusi, yaani masizi yanayotengenezwa kiwandani.

Rangi tatu za katriji zinamkuta Mswahili na msamiati wa aina yake. Vivumishi vya rangi vya asili ni vitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingine zimeazimwa kwa vitu. Kijani ni cha majani, kijivu ni cha majivu, kahawia imetoka kwenye kinywaji, zambarau kwenye tunda, na manjano ni bizari ya jikoni. Sayani na majenta hazina kitu cha kushikia. Ya kwanza ni Kigiriki. Ya pili ni jina la mji wa Italia ambako Wafaransa na washirika wao waliwashinda Waaustria mwaka 1859, enzi zile zile rangi hiyo ya maabara ilipoanza kuuzwa. Mafundi wa mtaani wamelimaliza jambo hili kwa kusema bluu, pinki na njano, na biashara inakwenda. Lakini inafaa kuwa mwangalifu. Sayani si bluu ya sare za shule, wala majenta si nyekundu. Kila moja ya rangi tatu ina sehemu yake ya mwanga ambayo inaimeza: sayani humeza mwekundu, majenta humeza kijani, njano humeza bluu. Chumba cha majenta kikitiwa wino mwekundu wa kawaida, zambarau na waridi za picha hazitapatikana tena, hata mipangilio ya kompyuta ibadilishwe vipi. Zikichanganywa zote tatu hutoa weusi wenye ukahawia, mithili ya maji ya mkaa ulionyeshewa na mvua. Ndiyo maana weusi una katriji yake peke yake.

Namna wino unavyotoka ni muhimu kwa anayejaza, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Canon, kampuni ya Japani, husimulia kwamba mwaka 1977 mtafiti wake Ichiro Endo aliona pasi ya kulehemu yenye moto ikigusa sindano ya bomba lililokuwa na wino, na wino ukachomoka kwenye ncha. Joto lilikuwa limeumba povu, na povu limesukuma tone. Nchini Marekani watafiti wa Hewlett-Packard (HP) waliifikia njia hiyo kwa upande wao, na mwaka 1984 wakauza ThinkJet, printa ndogo ya mezani iliyotumia mbinu hiyo. Ndani ya kila kitundu cha katriji ya namna hii mna kipashio kidogo mno cha joto ambacho hupanda zaidi ya digrii 300 kwa mikrosekunde chache, wino unaokigusa ukageuka mvuke, tone likaruka, povu likafa, na wino mwingine ukavutwa kushika nafasi. Tone moja huweza kuwa na pikolita tano. Kwa kipimo hicho, mililita moja ya wino ni matone milioni 200. Inafurahisha kukumbuka kwamba teknolojia yote hii, kwa masimulizi ya Canon, ilianzia kwenye bomba la sindano lililojaa wino. Anayejaza katriji mezani kwake amekishika kifaa kile kile.

Vipashio hivyo huchakaa. Mabaki ya wino uliochomeka huganda juu yake, na umeme humaliza maisha yake taratibu. Kwa hiyo ThinkJet ilikiweka kichwa cha kuchapia ndani ya katriji, ili kichwa na wino vitupwe pamoja. Uamuzi huo ulikuwa na hoja ya kihandisi, na ni haki kusema hivyo kabla ya kulalamika. Ila kichwa hakichakai kwa kasi ya wino kuisha. Kinaweza kuhimili kujazwa mara kadhaa, na katika pengo hilo, baina ya uhai wa kichwa na uhai wa wino, ndipo biashara ya wino wa printa ilipojenga nyumba yake. Printa huuzwa kwa bei ya kuvutia; katriji zake mbili, nyeusi na ya rangi, huweza kukaribia bei ya mashine nzima. Kampuni ya Epson ilishika njia nyingine: badala ya joto, hutumia fuwele inayojikunja ikipitishiwa umeme, nayo hudumu ndani ya printa, na katriji yake inabaki kuwa tangi tu lenye chipu. Kujaza tangi kama hilo ni rahisi zaidi kwa mkono, ila kichwa kikiziba, ni printa iliyoziba.

Wino wa kujazia ni wa aina mbili, na kuzichanganya ni kosa lisilosameheka. Mmoja rangi yake imeyeyuka majini kabisa, kama sukari ndani ya chai. Mwingine una chembe zinazoelea, kama unga kwenye uji mwepesi. Wa kwanza hung'aa kwenye karatasi ya picha lakini hufifia juani na kutiririka ukipata maji. Wa pili huvumilia jua na maji. Katriji za rangi za nyumbani zenye kichwa ndani yake kwa kawaida hutumia wa kwanza, na katriji zao nyeusi mara nyingi hutumia wa pili. Chembe zikiingizwa kwenye vitundu vilivyotengenezwa kwa wino ulioyeyuka, huziba. Sehemu kubwa ya wino wowote ule ni maji. Kilichobaki, ukiacha rangi, ni vimiminiko vya jamii ya gliserini vinavyouzuia usikauke kwenye vitundu, pamoja na viungo vya kuusaidia kupenya karatasi na kuzuia kuvu. Kwa sababu hiyo rangi ya chakula, au wino wa kalamu uliozimuliwa, hauwezi kushika nafasi yake. Unapendeza ndani ya chupa, halafu unagandia kwenye vitundu usiku huo huo.

Kazi yenyewe huanza kabla wino haujaisha. Hili watu hawalipendi, kwa kuwa mazoea ni kujaza kilicho kitupu. Lakini ndani ya kichwa cha joto wino ndio unaopoza kipashio. Printa ikilazimishwa kuchapa ikiwa kavu, kipashio hujichoma chenyewe. Dalili ya kwanza ni mistari myeupe kwenye picha au rangi moja kukonda, pengine ngozi za watu pichani zikaelekea ukijani kwa sababu majenta inapungua. Hapo ndipo katriji itolewe.

Meza hutandikwa magazeti, tabaka kadhaa. Huandaliwa mabomba matatu ya sindano, moja kwa kila rangi, pamoja na tishu, vijiti vya meno na glavu. Glavu hizo hudharauliwa hadi siku ya kwanza: majenta kwenye vidole hukaa siku kadhaa kama hina ya harusi ambayo haikualikwa. Lebo ya juu hubanduliwa kwa ukucha, taratibu, kwa kuwa itarudishwa. Chini yake huonekana vitundu, vingine vya kupitishia hewa na vingine vya kujazia. Mpangilio wa rangi haukisiwi. Hutofautiana kati ya katriji na katriji, na alama za rangi kwenye lebo hazithibitishi chumba kipi kiko chini ya kitundu kipi. Kijiti safi cha meno huchomekwa katika kila kitundu hadi kiguse sponji, kisha huvutwa na kupanguswa kwenye tishu nyeupe. Tishu ndiyo inayosema ukweli. Ni jambo la nusu dakika, na anayeliruka hulilipia katriji nzima.

Sindano huingizwa hadi katikati ya sponji, si juujuu na si hadi sakafuni. Ikiishia juu, wino hufanya dimbwi na kufurika kabla sponji haijanywa. Ikigonga chini, inaweza kuutoboa wavu mwembamba unaochuja wino kabla ya kichwa. Kisha bomba husukumwa polepole mno, kiasi kwamba anayetazama pembeni hudhani hakuna kinachofanyika. Sponji hunywa kwa mwendo wake, na hewa iliyomo lazima ipate nafasi ya kutoka. Ukisukuma haraka, hewa hufungiwa katikati, nayo baadaye hukata mkondo wa wino kama mpira wa maji uliokunjwa. Mililita mbili kwa kila chumba mara nyingi zinatosha. Wino ukichungulia kwenye mdomo wa kitundu, mkono husimama, na bomba huvutwa nyuma kidogo ili kunyonya kilichozidi. Haba na haba hujaza kibaba, japo kibaba cha hapa hakifiki hata kijiko.

Baada ya rangi tatu kuingia, katriji huachwa ikae kwenye tishu iliyokunjwa, vitundu vya kichwa vikiangalia chini, bila kukandamizwa. Hapo hutokea kitu kizuri kuliko vyote katika kazi hii, nacho ni jaribio lake pia. Katriji ikiinuliwa huacha mistari mitatu myembamba, imelala ubavu kwa ubavu: sayani, majenta, njano, kila mmoja na ukingo wake. Mstari mmoja ukikosekana, kichwa kimeziba upande huo au hewa imekaa njiani. Mistari ikiungana kuwa doa la rangi ya matope, vyumba vimejaa kupita kiasi na wino umevuka. Inapaswa kupanguswa na kuwekwa tena, hata mara tano au sita, mpaka mistari ikae safi bila kutambaa. Nukta za shaba hupanguswa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Lebo hurudishwa, lakini matundu ya hewa yasizibwe. Mtu anayeyafunika yote kwa selotepu ili wino usikauke huchapa kurasa mbili nzuri, kisha ukurasa wa tatu hufifia hadi weupe. Wino unapotoka lazima hewa iingie. Isipoingia, katriji hujinyonga kwa mnyonyo wake yenyewe.

Kati ya makosa yote, la rangi kuvukiana ndilo lenye ukaidi. Njano ndiyo huathirika kwanza, kwa kuwa ni rangi dhaifu: tone moja la sayani huigeuza kijani kibichi, na chumba hakiwezi kurudishwa kwa kuongeza njano zaidi. Dawa iliyopo ni kuchapa kurasa zilizojaa rangi ile iliyoharibika mpaka uchafu uondoke, au kuinyonya sponji kwa sindano na kujaza upya. Kichwa kilichoziba kina tiba ya upole. Huwekwa juu ya tishu iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri za magari, ilimradi chupa iwe ya maji na si ya tindikali. Maji ya bomba yana chumvi zinazobaki vitunduni. Kuchokoa kichwa kwa pini ni kukiua. Na katika maeneo ambako umeme hukatika ovyo, upo uharibifu usiohusiana na kujaza kabisa: printa ikizimika katikati ya ukurasa, kichwa hubaki nje ya kofia yake, kikipigwa na hewa, hadi umeme urudi.

Katriji iliyojazwa vizuri hurudishwa mahali pake, na mashine hutangaza kwamba ni tupu. Haidanganyi kwa makusudi, ila haikuangalia. Printa nyingi za namna hii hazipimi wino. Zinahesabu matone yaliyotumwa tangu katriji ilipotambuliwa, na kutoa hesabu hiyo kwenye kiasi cha mwanzo. Sindano haimo katika hesabu. Katika printa nyingi za Canon kitufe cha kusimamisha kazi hushikiliwa kwa sekunde tano au zaidi, na ufuatiliaji wa katriji hiyo huzimwa. Kwingine onyo hukubaliwa tu na uchapaji ukaendelea. Pale penye chipu inayokataa, hutafutwa chipu nyingine au kifaa cha kuirudisha mwanzo. Septemba 2016 printa kadhaa za HP zilianza kuzikataa katriji zenye chipu za watengenezaji wengine, ambazo hadi jana yake zilikuwa zikifanya kazi, kwa amri iliyokuwa imekwishawekwa ndani ya programu ya mashine. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza kampuni hiyo faini ya yuro milioni 10 kwa kutowaeleza wanunuzi ipasavyo kuhusu mipaka ya namna hiyo.

Swali la nani ana haki ya kulifungua sanduku lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Impression Products, biashara ndogo ya Charleston, West Virginia, ilikuwa ikiuza katriji za tona za kampuni ya Lexmark zilizokwishatumika na kujazwa upya. Lexmark ikadai kwamba hataza zake zinavunjwa kwa kufanya hivyo, hasa kwa katriji alizouziwa mteja kwa sharti la kutozitumia tena. Tarehe 30 Mei 2017 mahakama iliamua kwamba kampuni ikishauza kitu, haki yake ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha, masharti yoyote iliyoyaweka na popote ilipokiuza. Kesi ilihusu unga wa printa za leza, lakini hoja yake inaenea hadi kwenye wino. Uamuzi huo unafunga ndani ya mipaka ya Marekani peke yake, na haukuigusa chipu. Mtu anaweza kuwa na haki ya kuijaza katriji ambayo mashine ina uwezo wa kuikataa.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitoka kwa mafundi wa Asia waliokuwa wakitoboa printa na kuziunganisha kwa mipira myembamba na chupa za wino zilizowekwa nje. Indonesia ilikuwa moja ya masoko yaliyosheheni mashine za namna hiyo, na huko ndiko mwaka 2010 Epson ilikoanza kuuza printa zake zenye matangi ya kujazwa na mtumiaji, kwa chupa za mililita 70. Canon na HP zilifuata miaka michache baadaye. Mashine yenyewe ilikuwa ghali kuliko ya katriji, kwa sababu faida iliyokuwa ikingojwa kwenye wino ilibidi ichukuliwe mlangoni. Leo hizo ndizo zinazoonekana kwenye meza za steshonari nyingi za Afrika Mashariki, zikitoa picha za pasipoti na kadi za michango ya harusi, na rangi nne zikionekana kwenye dirisha lake la plastiki. Mwenye duka huongeza wino kama anavyoongeza mafuta ya taa kwenye kandili. Vidau vinne vimerudi, sasa kwa dhamana ya kiwanda.

Tangi nalo lina mwisho wake uliofichwa. Kila mashine inaposafisha kichwa, wino hunyonywa na kumwagwa kwenye pedi iliyo chini ya printa, na mashine huhesabu kiasi kilichomwagwa. Hesabu ikitimia, hukataa kuchapa hata kama matangi yote yamejaa, mpaka pedi ibadilishwe na hesabu ifutwe. Kwa hiyo mwenye printa moja ndogo ya nyumbani, anayechapa kurasa chache kwa wiki, bado hana sababu kubwa ya kuiacha sindano. Kinachomfaa ni kuchapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila baada ya siku chache, ili kichwa kisikauke.

Wino uliobaki hufungwa barabara na kuwekwa kabatini, mbali na jua na mbali na watoto, chupa zikiwa zimesimama. Mabomba ya sindano husukutuliwa kwa maji hadi yatoke meupe, kila moja likaandikwa rangi yake kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha huachwa yakauke na pistoni ikiwa imechomolewa. Sindano hurudishwa kifuniko. Magazeti hukunjwa kwa ndani, na tishu yenye mistari mitatu huenda nayo kwenye pipa.